Kutoka Utomvu wa Uvumba hadi Boksi la Biriani



Msimu wa ndoa ukianza, orodha ya manunuzi huwa ndefu: mchele, nyama, viungo, na siku hizi mamia ya vile visanduku vyeupe vya teki awei vya kuwafungia wageni biriani. Ni vyepesi, bei yake ndogo, na chakula hukaa na moto wake. Tumevizoea hata hatuulizi vilikotoka. Leo tuifuatilie historia yao, maana ndani yake mna funzo kwa kila anayepanga walima na kutafuta mbadala.

Wengi wetu tutashangaa kusikia kwamba habari hii inaanzia kwenye manukato. Kusini-magharibi mwa Uturuki kuna mti unaotoa utomvu uitwao storaksi, ambao kwa karne nyingi umechanganywa katika uvumba na marashi. Mwaka 1839, mfamasia wa Berlin aitwaye Eduard Simon aliuchemsha utomvu huo na kuukusanya mvuke wake, kama inavyofanywa kwa marashi ya waridi. Akapata mafuta aliyoyaita Styrol. Baada ya siku kadhaa mafuta yale yakaganda kama jeli. Simon alidhani yameingiwa na hewa. Ilipofika miaka ya 1920 ndipo mwanakemia Hermann Staudinger alipoeleza kwamba vitu vya aina hii ni chembe ndogo zilizoungana kuwa minyororo mirefu, kama shanga katika uzi. Kazi yake hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1953.

Viwanda vikaacha utomvu wa mti, na leo malighafi hiyo, stairini, hutokana na mafuta ya petroli. Minyororo yake ndiyo plastiki iitwayo polistairini. Katika miaka ya 1940 kampuni ya Dow ya Marekani iliijaza hewa ikawa povu gumu, na mwaka 1942 walinzi wa pwani wa nchi hiyo wakaitumia kwenye chombo cha kuokolea watu baharini, kwa sababu haizami. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya BASF ya Ujerumani ikaleta punje ndogo zinazoumuka kwa mvuke, zikawa maboksi ya samaki na vikinga vya televisheni. Karatasi nyembamba za povu la polistairini ndizo zinazofinyangwa kwa joto kuwa visanduku vyetu vya chakula.

Sifa iliyowaokoa mabaharia ndiyo inayotusumbua visiwani. Povu halizami, na wadudu wa udongoni hawaiwezi ile minyororo. Hukatikakatika tu likawa punje nyeupe pwani, na samaki na ndege huzimeza wakidhani chakula. Zaidi ya hayo, mwaka 2018 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliiweka stairini katika kundi la vitu ambavyo kuna uwezekano mkubwa kwamba vinasababisha saratani kwa binadamu. Kiasi kidogo chake huweza kuingia katika chakula, hasa chakula cha moto chenye mafuta. Biriani ina vyote viwili.

Kutafuta mbadala si jambo la jana. Mwaka 1990 McDonald's ilitangaza kuacha visanduku vya povu nchini Marekani na kurudi kwenye karatasi. Mwanzoni mwa muongo huohuo zikatokea punje za kufungashia zilizotengenezwa kwa wanga wa mahindi, ambazo huyeyuka ukizimwagia maji. Mwaka 2007, vijana wawili wa Marekani, Eben Bayer na Gavin McIntyre, walianzisha kampuni ya Ecovative. Wao huchukua mabaki ya mazao, huyatia nyuzi za uyoga, na ndani ya siku chache nyuzi hizo huyashikamanisha yakachukua umbo la kifaa. Kisha huyapasha moto ili uyoga usiendelee kukua. Kikinga hicho ukikivunja na kukifukia bustanini, huoza. Mwaka 2011 Dell ilianza kufungashia nacho kompyuta.

Kwa chakula, mbadala uliotapakaa zaidi ni vyombo vya makapi ya miwa, na vile vya plastiki inayotokana na wanga wa mimea kama mahindi. Hapa ndipo tuwe macho. Plastiki ya mahindi huhitaji joto la nyuzi 60 hivi kwa muda mrefu ili ioze, na shimo la taka la nyumbani halifiki huko. Baadhi ya vyombo vya makapi na karatasi vilitiwa kemikali za kuzuia mafuta ambazo hazitoki katika mazingira. Ilikuwa Februari 2024 ndipo mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipotangaza kwamba kemikali hizo haziuzwi tena nchini humo kwa vifungashio vya chakula.

Basi funzo ni hili: polistairini nayo ilianzia kwenye mti. Neno "asilia" kwenye kifungashio linatuambia kilikotoka tu. La kumuuliza muuzaji ni kitaishia wapi: kitaoza katika udongo wetu, bila mtambo? Kimetiwa nini kisivuje mafuta?

Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, na Tanzania Bara ikafuata 2019. Tulidhani hatutaweza, na vikapu vikarudi mkononi. Kwenye shughuli zetu pia tunayo mazoea mazuri: sinia moja watu kadhaa, majani ya mgomba chini ya vitafunio, hotipoti ya kumpelekea jirani. Jirani huyo huirudisha, na mara nyingi hairudi tupu.

Bi harusi, unapohesabu wageni, hesabu na masinia. Kwa wachache watakaobeba chakula, waombe mapema waje na vyombo vyao. Hakuna mama wa kisiwani atakayeona tabu kuja na bakuli lenye mfuniko akijua litarudi na biriani.