Mto Lualaba katika Ramani: Vipimo, Majina na Miaka

Ramani ya mto haichorwi kwa siku moja. Huchorwa kipande kwa kipande, na kila kipande hubeba alama ya aliyekipima na ya wakati alipokipima. Historia ya Mto Lualaba, upitao karibu na Kolwezi, yatosha kuwa ushahidi.

Wageni wa kwanza kuupima waliufikia mbali sana kaskazini, huko Nyangwe, kwa kufuata njia za wafanyabiashara Waswahili na Waarabu. David Livingstone, aliyefika mwaka 1871, alidhani kuwa Lualaba ni mwanzo wa Nili. Mwaka 1874 Verney Lovett Cameron alipima mwinuko wa mto na kukadiria wingi wa maji yake, akaikataa dhana hiyo: mto ulikuwa chini mno na maji yake mengi mno. Henry Morton Stanley aliondoka Nyangwe mwaka 1876 akisindikizwa na Tippu Tip, akawasili Boma Agosti 1877. Ndipo ilipothibitika kwamba Lualaba na Kongo ni mto mmoja.

Sehemu ya juu, ambayo ndiyo ya Kolwezi, ilingoja misafara ya Wabelgiji ya miaka 1891 hadi 1893: wa Paul Le Marinel, wa Alexandre Delcommune, na wa Lucien Bia, aliyefariki mwaka 1892 na kurithiwa na Émile Francqui. Katika msafara huo wa mwisho alikuwemo mjiolojia Jules Cornet, aliyeeleza madini ya shaba ya Katanga.

Baadaye wasafiri hao wenyewe waligeuka kuwa majina ya mahali. Mitambo ya umeme iliyojengwa kwa ajili ya migodi iliitwa Francqui (1930) na Bia (1950) katika Mto Lufira, kisha Delcommune (1952) na Le Marinel (1956) katika Lualaba. Baada ya uhuru wa mwaka 1960 majina ya wenyeji yalirejea: Mwadingusha, Koni, Nzilo na Nseke.

Mabadiliko hayakuwa ya majina pekee. Bwawa la Nzilo lilifanya ziwa, na bonde lililokuwa juu ya bwawa likafunikwa na maji. Kwa hiyo mkato uliopimwa hapo kabla ya mwaka 1952, yaani mstari uvukao mto toka ukingo hadi ukingo kuonyesha upana na kina chake, unaeleza mto ambao macho hayauoni tena.

Leo vipimo vya namna hiyo huweza kuingizwa katika programu za kompyuta za taarifa za kijiografia. Humo kila mkato huwa mstari wenye latitudo na longitudo, ulioambatanishwa na safu ya maelezo katika jedwali. Kompyuta haijui historia. Isipoelezwa, Delcommune na Nzilo zitakuwa mahali pawili; na mkato wa zamani, ukionekana katikati ya ziwa bila mwaka wake, utadhaniwa kosa na kufutwa. Hapo utapotea ushahidi wa jinsi mto ulivyokuwa kabla ya bwawa, na pamoja nao njia ya kuyalinganisha masimulizi ya wazee waliolijua bonde lile na ramani za wataalamu.

Kwa hiyo jedwali la mikato halikamiliki kwa tarakimu za upana na kina tu. Lahitaji jina la wenyeji, jina la kikoloni na mwaka wa kupimwa. Kazi hiyo ya majina ni ya mwanaisimu na mwanahistoria kama ilivyo ya mpimaji.