Theluthi Mbili kwa Austin: Historia ya Wakfu wa Vyuo Vikuu vya Texas

Jimbo la Texas lilipopitisha katiba yake ya mwaka 1876, Chuo Kikuu cha Texas kilikuwa bado ni jina tu kwenye karatasi, hakina darasa wala mwalimu. Katiba ilikipa ekari milioni moja za ardhi. Kwa mbali zawadi hiyo ilionekana nono, kumbe chuo kilikuwa kimepunjwa. Sheria ya mwaka 1858 ilikuwa imekitengea sehemu moja katika kila kumi za ardhi iliyotolewa kuchochea ujenzi wa reli, na nyingi ya ardhi hiyo ilikuwa ya rutuba. Katiba ikaitwaa na kutoa badala yake nyika kavu ya magharibi, ambako hata ng'ombe hupata shida kushiba. Mwaka 1883, chuo kilipofungua milango mjini Austin, Bunge la jimbo liliongeza ekari milioni nyingine kwenye ukame huohuo. Leo jumla yake ni kama ekari milioni 2.1, eneo linalozidi Unguja na Pemba kwa pamoja zaidi ya mara tatu.

Katiba iliweka pia utaratibu ambao ndio moyo wa mambo yote yaliyofuata. Ardhi hiyo na mapato ya mauzo yake ni mtaji wa wakfu, na mtaji hauguswi. Kinachotumika ni gawio peke yake. Kwa miaka arobaini gawio hilo lilikuwa dogo kiasi kwamba hakuna aliyeona haja ya kuligombania, maana wafugaji walikodi malisho kwa senti chache kwa ekari.

Mafuta ndiyo yaliyobadili hali. Haymon Krupp, mfanyabiashara wa El Paso, na mshirika wake Frank Pickrell walipata kibali cha kuchimba kwenye ardhi ya chuo katika wilaya ya Reagan, karibu na mji wa Big Lake. Fedha walizitafuta New York kwa kuuza hisa. Miongoni mwa walionunua walikuwamo wanawake Wakatoliki walioingiwa na wasiwasi, na padri wao akawashauri wamwombe Mtakatifu Rita, msimamizi wa mambo yasiyowezekana. Wakampa Pickrell petali za waridi zilizobarikiwa. Naye alipanda hadi juu ya mnara wa kuchimbia, akazinyunyiza, akakipa kisima jina la Santa Rita. Uchimbaji ulianza mwaka 1921 chini ya fundi Carl Cromwell, na kwa wastani keekee ilishuka chini ya meta mbili kwa siku. Tarehe 28 Mei 1923, ikiwa imefika kina cha meta 930 hivi, mafuta yaliruka juu ya mnara.

Mrabaha ulipoanza kumiminika, kishawishi cha kuutumia papo hapo kilikuwa kikubwa, kwa sababu majengo ya Austin yalikuwa duni na wanafunzi walikuwa wakiongezeka. Bunge lilijaribu kuelekeza sehemu ya fedha hizo kwenye matumizi. Mwaka 1926 Mahakama Kuu ya Texas ilikataa. Ilisema mafuta ni sehemu ya ardhi, na anayeyatoa anaipunguza ardhi yenyewe, kwa hiyo mrabaha wake ni mtaji. Naiona hukumu hiyo kuwa jambo la busara kuliko yote katika historia hii. Bila hiyo, kizazi kimoja kingekula kilichokuwa cha vyote.

Basi ugomvi ukahamia kwenye gawio. Chuo cha kilimo na ufundi, ambacho leo ni Texas A&M, kilifunguliwa mwaka 1876, na katiba ilikitaja kuwa tawi la Chuo Kikuu cha Texas. Wakati wakfu ulipokuwa hauna kitu, Austin haikujali sana uhusiano huo. Mafuta yalipopatikana, A&M ikaja na katiba mkononi kudai haki ya tawi. Bodi za vyuo hivyo viwili zilikaa zikakubaliana, na mwaka 1931 Bunge likaupa mwafaka wao nguvu ya sheria: theluthi mbili za gawio kwa Austin, theluthi moja kwa A&M. Kipimo hicho hakikutokana na idadi ya wanafunzi wala mahitaji ya maeneo. Kilitokana na mapatano ya wawili waliokuwapo mezani.

Wa tatu hakuwapo, ingawa katiba ileile ya 1876 ilikuwa imeahidi chuo kwa ajili ya vijana weusi. Chuo hicho kilianzishwa Alta Vista, mahali palipokuwa shamba kubwa lililolimwa na watumwa, na mwaka 1878 kilipokea wanafunzi wake wa kwanza, vijana wanane. Leo ni Prairie View A&M. Jimbo lilipojaribu kukilipia gharama kutoka fedha za chuo kikuu, mdhibiti wa fedha wa jimbo alizuia malipo kwa hoja kwamba katiba haikuruhusu. Prairie View ikabaki chini ya A&M, tawi la tawi, na kwa miongo sita iliyaona mafuta yakijenga maktaba na maabara za wenzake. Hapa hakuna la kusingizia jiografia au bahati. Watu walichagua nani ahesabiwe.

Mwaka 1984 ndipo wapiga kura walipoibadili katiba na kuiweka Prairie View pamoja na Austin na A&M katika orodha ya wanaoweza kupata gawio kwa ajili ya uendeshaji na kuinua ubora. Vyuo vingine vya mifumo miwili, wa Chuo Kikuu cha Texas na wa A&M, viliruhusiwa kujengewa kwa hati fungani zinazolipwa na wakfu. Vyuo vilivyo nje ya mifumo hiyo vilipewa kapu lao, dola milioni 100 kila mwaka kutoka hazina ya jimbo. Huo ndio mtindo ambao Texas imeushika tangu wakati huo: mgawo wa 1931 hauguswi, bali kinatafutwa chungu kingine pembeni.

Mpakani mwa Mexico watu hawakuridhika. Mwaka 1987 jumuiya ya LULAC, inayotetea raia wenye asili ya Amerika ya Kilatini, ilifungua kesi Brownsville. Takwimu zilizotolewa mahakamani zinachoma mpaka leo. Ukanda wa mpaka ulikuwa na asilimia 20 hivi ya wakazi wa Texas, lakini vyuo vyake vilipata kama asilimia 10 ya fedha za jimbo kwa vyuo vikuu vya umma. Kati ya programu zipatazo 590 za shahada ya uzamivu, tatu tu zilikuwa huko. Kukifikia chuo cha umma chenye wigo mpana wa shahada za uzamili na uzamivu, mwanafunzi wa mpakani alihitaji kusafiri wastani wa kilometa 360 kutoka kwao. Mwenzake wa kwingineko alihitaji 72. Mahakama ya chini iliwapa ushindi, lakini mwaka 1993 Mahakama Kuu ya Texas ikaubatilisha.

Hata hivyo kesi iliwatikisa wanasiasa, na fedha zaidi zikapelekwa kusini. Mwaka 1989 chuo cha Pan American, kilicho katika ukanda huo wa mpaka, kiliingizwa katika mfumo wa Chuo Kikuu cha Texas, lakini bila haki ya wakfu, kwa kuwa kilikuja baada ya marekebisho ya 1984. Dawa iliyopatikana mwaka 2013 ilikuwa ya kisheria kabisa: chuo hicho na kile cha Brownsville vifutwe, kiundwe kipya kwa kura ya theluthi mbili ya kila baraza la Bunge, nacho kiingie kwenye wakfu. Chuo kipya cha Bonde la Rio Grande kilianza masomo mwaka 2015.

Novemba 2023 wapiga kura waliidhinisha chungu kingine, Texas University Fund, chenye mtaji wa karibu dola bilioni 3.9 kwa vyuo vikuu vinne: Houston, Texas Tech, Texas State na North Texas. Wakfu wa zamani umeshavuka dola bilioni 30, na kila mwaka gawio lake bado linakatwa kwa theluthi zilezile. Texas Southern ya Houston, chuo ambacho jimbo lilikianzisha mwaka 1947 ili vijana weusi wasiingie Austin, hakimo katika wakfu huo wala katika mfuko wa 2023. Majengo yake yanategemea kapu la mwaka 1984.