Mganga wa Makerere na Uvimbe wa Taya

Twapenda kuwasimulia habari za Denis Burkitt, mganga mpasuaji mwenye jicho moja, mwalimu wa chuo cha Makerere, Uganda. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Kisu hakikufaa kitu, na watoto wengi wa namna hiyo walikufa. Basi mwaka 1961 yeye na waganga wawili walisafiri kwa motokaa kuukuu maili 10,000 hivi, hata Afrika Kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali, nyingi za misheni. Wakaona kwamba uvimbe huo hukaa nchi za joto na mvua, wala haupandi milimani penye baridi. Naye Anthony Epstein, aliyemsikia Burkitt akifundisha London, alikitafuta kijidudu ndani ya uvimbe, akakiona pamoja na wenzake mwaka 1964. Kwa dawa walizopewa Mulago, baadhi ya watoto wakapona kabisa.