Wapiga Chapa, Wakutubi na Waandishi: Tarehe ya Fani Tatu za Sydney

Stuttgart, Ujerumani, ipo taasisi ya elimu ya juu iliyozaliwa mwaka 2001 pale chuo cha wapiga chapa na chuo cha wakutubi vilipounganishwa kuwa kimoja. Eldoret, Kenya, Chuo Kikuu cha Moi kilianzisha mwaka 1988 kitivo cha sayansi ya habari ambamo ukutubi, utunzaji wa kumbukumbu, uchapishaji wa vitabu na uandishi wa habari vilikaa chini ya paa moja. Sydney, mji wenye zaidi ya miaka 200 ya kupiga chapa, haukupata kuwa na chuo cha namna hiyo. Wanaoandika tarehe ya elimu ya mji huo hulipita jambo hili kimya, kana kwamba fani hizo tatu, upigaji chapa, ukutubi na uandishi wa habari, zilizaliwa mbalimbali na kila moja ikaenda ilikokusudiwa. Ushahidi unasema vingine. Zilianza pamoja, na kilichozitenganisha ni hukumu juu ya nani anastahili kukaa darasani na nani abaki karakanani.

Meli za kwanza za Waingereza ziliposhusha wafungwa Sydney mwaka 1788, miongoni mwa shehena ulikuwamo mtambo wa chapa wa mbao, ila hakukuwa na mtu wa kuuendesha. Kwa miaka kadhaa amri za Gavana ziliandikwa kwa mkono, hadi mnamo 1795 George Hughes alipouanzisha mtambo. Karatasi kongwe kabisa ya chapa ya Australia inayojulikana leo ilitoka mikononi mwake: tangazo la tamthilia iliyochezwa tarehe 30 Julai 1796. Ilikuja kuonekana katika maktaba ya taifa ya Canada, nayo Canada ikairudisha Australia mwaka 2007. Baada yake akaja George Howe, mzaliwa wa kisiwa cha St Kitts, mwana wa mpiga chapa, aliyefungwa kwa wizi wa dukani na kufikishwa Sydney mwaka 1800. Mwaka 1802 alichapa kitabu cha kwanza cha koloni, mkusanyo wa amri za serikali. Tarehe 5 Machi 1803 akatoa toleo la kwanza la Sydney Gazette. Howe alipanga herufi, akahariri, akakusanya habari, akatafuta karatasi zilipoadimika na kuwafuatilia wasomaji waliochelewa kulipa. Hakupata mshahara wa maana kutoka serikalini mpaka 1811, na kila neno lilipita kwanza machoni pa ofisa wa Gavana. Ukitaka kujua mtaala wa chuo cha habari na uchapaji ungekuwaje, tazama kazi za wiki moja za mfungwa huyo.

Maktaba nayo haikuwa mbali na karakana. Ile iliyoanzishwa mwaka 1826 ilikuwa ya wanachama, yaani mabwana wenye ada. Serikali ikainunua na mwaka 1869 ikaifungua kwa umma, nayo ndiyo mama wa Maktaba ya Jimbo la New South Wales ya leo. Sheria ya hakimiliki ya koloni ya mwaka 1879 ikawataka wachapishaji wapeleke nakala za kazi zao katika maktaba hiyo na ile ya Chuo Kikuu cha Sydney. Kwa hiyo mpiga chapa na mkutubi waliunganishwa kisheria takriban miaka 80 kabla ya ukutubi kupewa darasa katika chuo kikuu chochote cha mji huo.

Mgawanyiko ulianzia mlangoni. Upigaji chapa ulikuwa na mlango mmoja, uanagenzi, na ufunguo wake ulikuwa mikononi mwa chama cha mafundi. Louisa Lawson alipoanzisha jarida la The Dawn mwaka 1888 na kuwaajiri wanawake wapange herufi, chama hicho kililisusia. Kisingizio kilikuwa mishahara, lakini wanawake hao hawakuruhusiwa hata kujiunga nacho. The Dawn liliendelea kutoka mpaka 1905. Katika miaka hiyohiyo maktaba ilianza kulegeza mlango wake: Nita Kibble aliajiriwa mwaka 1899, naye Margaret Windeyer alikwenda kusomea ukutubi Marekani, kisha akarudi kufanya kazi katika maktaba hiyohiyo. Ukutubi ukawa kazi ambayo mwanamke aliyesoma aliweza kuiingia, ingawa vyeo vya juu vilibaki kwa wanaume. Chapa ikabaki kazi ya wavulana waliotoka shule mapema. Uzito wa herufi za risasi hauelezi tofauti hiyo, maana wanawake wa Lawson walizibeba.

Aliyeubadilisha ukutubi kuwa somo la chuo kikuu alikuwa John Metcalfe. Yeye mwenyewe aliingia kazini kijana mwaka 1917, katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Sydney, akapanda hadi kuiongoza Maktaba ya Umma ya jimbo kuanzia 1942. Alikuwa mstari wa mbele katika harakati zilizozaa Sheria ya Maktaba ya 1939, iliyozipa halmashauri msaada wa serikali kufungua maktaba za bure. Maktaba zikiongezeka, wakutubi walihitajika, na kwa miaka mingi waliokuwa wakiwafundisha ni wakutubi wenzao waliokuwa kazini. Mwaka 1960 shule ya ukutubi ikaanza kufundisha katika Chuo Kikuu cha New South Wales, Metcalfe akiwa mkuu wake. Mwaka 1968 Wilma Radford akawa profesa wa kwanza wa ukutubi Australia. Tuseme wazi: hii ilikuwa fani iliyofunzwa kwa kutenda, kwa mitihani ya jioni na kwa kumtazama mkubwa wako, na ilipotakiwa kupandishwa ilipandishwa.

Uandishi wa habari ulifuata njia nyingine, na hapa ramani ya mji ina la kusema. Mitaa ya Ultimo na Broadway, mwendo mfupi kutoka kituo kikuu cha reli, ilikusanya chuo cha ufundi, ofisi na mitambo ya magazeti ya Fairfax, kiwanda cha chapa cha serikali na, baadaye, makao ya shirika la utangazaji la ABC. Palepale likawekwa jengo la Taasisi ya Teknolojia ya New South Wales, ambayo katika miaka ya 1970 ilianza kufundisha mawasiliano kama somo la shahada. Mwaka 1976 wapiga chapa wa Fairfax waligoma kwa wiki nyingi kupinga kompyuta zilizokuja kuchukua upangaji herufi. Mwaka 1980 waandishi wa habari nao wakagoma, wakidai malipo kwa kazi ya skrini waliyoongezewa. Kiini cha migomo yote miwili ni kilekile: mstari wa gazeti uandikwe na nani. Laiti pangekuwa na darasa lililowakalisha wote wawili pamoja, swali hilo lingejadiliwa kabla halijafika mlangoni mwa kiwanda.

Watakaopinga watasema chapa ni kazi ya mkono, chuo kikuu hakina haja nayo. Stuttgart imekwisha kuwajibu, na mfano wa Metcalfe unawajibu mara ya pili. Pingamizi zito zaidi ni hili: chuo cha fani chache ni dhaifu, teknolojia ikigeuka kinaanguka nayo, kwa hiyo afadhali fani zijihifadhi ndani ya vyuo vikubwa. Hilo lina ukweli wake, lakini Sydney yenyewe inalipunguzia nguvu. Taasisi ya Teknolojia iligeuzwa chuo kikuu, UTS, mwaka 1988, mwaka uleule wa kitivo cha Moi. Mwaka 1990 ikakimeza Chuo cha Kuring-gai, kilichokuwa na shule yake ya ukutubi. Kwa muda ukutubi na uandishi wa habari vikawa ndani ya chuo kimoja. Chapa haikualikwa. Kiwanda cha serikali, kilichokuwa jirani hapo Ultimo, kilifungwa mwaka 1989, na mafundi wake wakatawanyika. Ukubwa haukuulinda hata ukutubi: shule ya Metcalfe na Radford haipo tena, na anayetaka shahada ya ukutubi sasa huelekezwa Charles Sturt, chuo kikuu cha mikoani kinachofundisha kwa masafa.

Sikubali basi kwamba Sydney ilikosa chuo hicho kwa bahati mbaya. Ilikuwa na mitambo, walimu, wanafunzi na hata mtaa mmoja wa kuviweka vyote. Ilichokosa ni nia ya kumkubali fundi kuwa msomi. Wanaotunga mitaala ya vitivo vya habari Nairobi, Dar es Salaam na Kampala wana nafasi ambayo Sydney iliiacha, maana katika miji hiyo wapiga chapa bado wapo na wana kazi. Wawaite wafundishe.