Kwa nini matumbawe hupauka, tangini na baharini

MATUMBAWE yanayoingizwa katika tangi la maji ya bahari nyumbani mara nyingi hupoteza rangi ndani ya siku chache. Kipande kilichofika kikiwa na kahawia iliyokolea hugeuka cheupe, na mwenye tangi, akidhani kimekufa, hukitupa. Hilo ni kosa. Tumbawe lililopauka kwa kawaida huwa bado li hai, ila limempoteza mshirika anayelilisha, na lisipompata tena katika muda wa wiki chache hufa kwa njaa.

Ingawa hufanana na jiwe, na watu wa Lamu na Zanzibar wamelijengea nyumba na misikiti kwa karne nyingi, tumbawe ni mnyama. Kwa hakika ni jamii ya wanyama wadogo waitwao polipi, kila mmoja na mdomo na minyiri yake, ambao kwa pamoja hujijengea kiunzi cha chokaa. Ndani ya nyama yao nyembamba huishi mwani wa chembe moja, na katika sentimita moja ya mraba unaweza kupatikana zaidi ya milioni moja. Mwani huo hutumia nuru ya jua kutengeneza sukari, na katika mazingira mema huweza kulipatia tumbawe hadi asilimia 90 ya nishati linayohitaji. Nalo tumbawe huupa mwani makao, pamoja na taka zake zenye nitrojeni na fosforasi, ambazo kwa mwani ni mbolea.

Rangi ya kahawia, basi, ni ya mwani. Zambarau, samawati na kijani king'aacho hutokana na protini za tumbawe lenyewe, na baadhi yake hulikinga na mwanga mkali. Mwani ukiondoka, nyama hubaki angavu na kiunzi cheupe huonekana kupitia humo. Hali hiyo ndiyo wataalamu waiitayo kupauka.

Kwa nini mnyama amfukuze anayemlisha? Mwani unapopokea nuru nyingi kuliko uwezo wake wa kuitumia, hasa maji yakiwa na joto, huanza kutoa aina za oksijeni zinazoharibu chembe hai. Mgeni mwema huwa amegeuka kuwa hatari, na tumbawe humtoa.

Kipande kilichosafirishwa kimekaa mfukoni, gizani, pengine kwa siku mbili. Kikiwekwa ghafla chini ya taa kali za LED, zinazopendwa leo kwa jinsi zinavyopendezesha tangi, mwani wake hushindwa kuhimili. Wenye uzoefu hukiweka kwanza sakafuni mwa tangi, hupunguza mwanga, kisha huuongeza hatua kwa hatua kwa muda wa wiki mbili hadi nne. Maji hutunzwa kwenye nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi, na chumvi yapata gramu 35 kwa kila kilo ya maji. Mabadiliko ya ghafla huumiza kuliko kipimo kilichokosewa kidogo lakini kisichoyumba.

Sababu nyingine huwashangaza wengi, nayo ni maji yaliyo safi kupita kiasi. Anayechuja maji hadi nitreti na fosfeti zikawa sifuri huunyima mwani mbolea, na rangi hufifia polepole. Hapo kupunguza taa peke yake hakutoshi. Afadhali kuwalisha samaki zaidi kidogo, au kupunguza uchujaji.

Si kila badiliko la rangi ni kupauka. Tumbawe lenye rangi ya kung'aa likigeuka kahawia, kwa kawaida mwani umeongezeka mno, ama kwa uhaba wa nuru, ama kwa wingi wa mbolea. Si maridadi, lakini halifi. Lakini nyama ikibanduka na kiunzi kikabaki kitupu, kisha kikaota mwani wa nyuzinyuzi, sehemu hiyo imekufa. Kipimo rahisi ni polipi: zikionekana bado zikinyoosha minyiri usiku, tumaini lipo.

Kadiri tangi linavyokuwa mbali na bahari ndivyo kazi inavyozidi. Katika mji kama Isiolo, ulio zaidi ya kilomita 700 kwa barabara kutoka Mombasa, mfugaji hana budi kujitengenezea bahari yake, kwa kuchanganya chumvi maalumu na maji yaliyosafishwa. Maji ya visima katika maeneo makavu mara nyingi hubeba madini mengi, hivyo hupitishwa kwanza katika kichujio cha utando. Hewa kavu nayo hukausha maji ya tangi upesi, lakini chumvi haikauki pamoja nayo. Anayejaziliza pengo hilo kwa maji ya chumvi badala ya maji matamu huongeza ukali wa chumvi kila siku bila kujua. Umeme ukikatika mchana wa jua, pampu husimama, na tangi la lita 60 hupata joto upesi kuliko la lita 400. Anayeanza kwa tangi dogo kwa kuogopa gharama amechagua lililo gumu zaidi kulitunza.

Baharini joto la ziada huweza kudumu kwa miezi, wala hakuna wa kulipunguza. Wakazi wa kaskazini mwa Kenya wanaikumbuka El Nino ya 1997 na 1998 kwa mafuriko, barabara zilizokatika na Homa ya Bonde la Ufa. Mvua zile zilichochewa na joto la Bahari ya Hindi. Mnamo Machi hadi Mei 1998, upepo wa kaskazi ulipotulia na kusi haijavuma, maji ya pwani yalipata joto lisilo la kawaida, na matumbawe yakapauka. Katika miamba mingi ya Kenya, kati ya nusu na asilimia 90 ya matumbawe yalikufa. Yale yenye matawi, kama Acropora na Pocillopora, ndiyo yaliyoangamia zaidi. Yale ya Porites, yaliyo kama majabali, yalistahimili zaidi. Mwaka uliofuata ulianzishwa mradi wa CORDIO wa kuchunguza uharibifu huo, na tawi lake la Afrika Mashariki liko Mombasa. Pwani ilipauka tena mwaka 2016, kisha mwaka 2024, ambapo mnamo Aprili wanasayansi wa Marekani na wenzao walitangaza tukio la nne la kupauka kwa matumbawe duniani kote.

Huko Mkwiro, katika kisiwa cha Wasini, vipande vya matumbawe hukuzwa katika vitalu vya chini ya maji kisha hupandikizwa kwenye miamba iliyoharibika. Nao wapandaji wanakabiliwa na tatizo lile la mwenye tangi. Kipande kilichozoea kina fulani hupelekwa penye nuru inayokaribiana nayo, na Machi na Aprili, miezi ya joto, si wakati mwema wa kukihamisha.

Anayetaka matumbawe ya tangi asikimbilie kuvunja kipande mwambani. Katika hifadhi za taifa za bahari, kama za Malindi na Watamu zilizotangazwa mwaka 1968, ni marufuku kuchukua chochote, na biashara ya kimataifa ya matumbawe ya mawe husimamiwa na mkataba wa CITES, ambao umeyaweka katika orodha yake ya pili. Kinachofaa ni kipande kilichokuzwa kwenye tangi la mfugaji mwingine, chenye hati zake. Hicho huwa kimeshazoea taa na maji ya kutengenezwa, na hata kikipauka, huelekea kurudisha rangi mapema zaidi.