Umepata nafuu ya akili? Usiache dawa kimyakimya

Kilosa na Mikumi, kama kwingine Tanzania, jina "chizi" likishakukaa halitoki kirahisi. Hata Mirembe, hospitali ya Dodoma iliyoanza 1927, imegeuzwa tusi mtaani. Ndiyo maana wengi huficha kadi ya kliniki, na wakipata nafuu kidogo tu wanaacha dawa.

Ugonjwa ukirudi, majirani wanasema "si mnaona, haponi", na mgonjwa anazidi kukosa kujiamini. Kumbe mara nyingi kilichourudisha ni dozi iliyokatwa.

Fahamu haya:

• Dawa za skizofrenia na sonona hazikufanyi teja. Zikikuletea kutetemeka, usingizi au unene, mwambie daktari apunguze au abadilishe.

• Kwa sonona, dawa huendelea miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kuisha.

• Mwenye skizofrenia anayesahau vidonge aulizie sindano ya mara moja kwa mwezi.

• Ndugu, mwiteni kwa jina lake na mrudishieni kazi yake, iwe shamba au genge. Kujiamini huanzia hapo.

Miaka ya 1980, Morogoro na Kilimanjaro ndiyo mikoa iliyotangulia kujaribu kupeleka huduma ya akili hadi vijijini. Kwa hiyo usisubiri safari ya Dodoma, anzia kituo cha afya kilicho karibu nawe.