Ua la Pareto na Ngozi ya Paka

Kwa sehemu kubwa ya historia ya dawa za viroboto, paka hakutengenezewa dawa yake mwenyewe, bali alipakwa ile iliyokusudiwa binadamu, mbwa au ng'ombe, kwa dhana kwamba kinachomfaa mnyama mkubwa kitamfaa na mdogo mradi kipimo kipunguzwe. Dhana hiyo haikuleta madhara makubwa wakati dawa iliyotumika ilikuwa unga wa pareto. Madhara makubwa zaidi yalikuja pale wanakemia walipofanikiwa kuiga ua hilo na kulifanya kali zaidi na la kudumu zaidi kuliko lilivyoumbwa.

Pareto ni mmea wa jamii ya alizeti, wenye ua jeupe na kitovu cha njano, na asili yake ni vilima vikavu vya Dalmatia, pwani ya Kroatia ya leo. Ndugu yake mwenye maua mekundu aliota Uajemi na katika milima ya Kaukazi, na unga wake ulikuwa ukiuzwa huko kabla haujafika Ulaya Magharibi. Katika karne ya 19 mfanyabiashara Johann Zacherl aliusafirisha kutoka Tiflis hadi Vienna, akajenga juu yake biashara iliyomtajirisha, na huko London unga wa aina hiyo uliuzwa madukani kwa jina la Keating. Ulinyunyizwa vitandani, nguoni na katika manyoya ya wanyama wa nyumbani. Viambato vyake, ambavyo wataalamu huviita pairethrini, huvuruga mishipa ya fahamu ya mdudu kwa kuizuia isitulie baada ya kusisimka, hivyo kiroboto hutapatapa, huanguka na kufa. Mwanga wa jua huviharibu viambato hivyo kwa muda mfupi. Wafanyabiashara waliiona sifa hiyo kuwa kasoro, ilhali kwa paka, ambaye hulamba kila kinachogusa manyoya yake, ilikuwa kinga.

Mmea huo uliletwa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920, ukastawi katika nyanda za juu zenye usiku wa baridi, kwa kuwa bila baridi hautoi maua ya kutosha. Wakati huo Japani ndiyo iliyoongoza duniani, lakini Vita Kuu ya Pili ilipokata biashara yake na nchi za Magharibi, majeshi yaliyopigana nayo yaligeukia Afrika Mashariki kutafuta dawa ya chawa na mbu, na Kenya ikashika nafasi ya kwanza. Kilimo kilichoanzia katika mashamba ya walowezi kilienea baadaye kwa wakulima wadogo wa Kisii, Molo na Nyandarua, na ng'ambo ya mpaka katika Nyanda za Juu Kusini za Tanganyika. Kazi yake ilikuwa ya subira: maua yalichumwa kwa mkono, moja moja, na mchumaji alirudi katika mstari uleule kila baada ya wiki mbili au tatu, akiacha yaliyofumba na kuchukua yaliyokwisha kufunguka, kwa sababu sumu hukaa hasa katika vijimbegu vilivyo kitovuni mwa ua. Baada ya kuanikwa yakakauka yalipelekwa kiwandani, kama kile cha Nakuru, yakakamuliwa dawa iliyosafirishwa kwenda Ulaya na Marekani.

Mdudu aliyepigwa vita kwa unga huo anastahili maelezo, kwani tabia zake ndizo zilizoshinda dawa nyingi. Kiroboto wa paka, ambaye ndiye pia anayepatikana kwa wingi juu ya mbwa, hutaga mayai kadhaa kila siku, nayo huteleza kutoka kwenye manyoya na kuangukia mkekani, kitandani au kwenye vumbi la pembeni. Humo huanguliwa mabuu wanaokula kinyesi cha damu kilichodondoshwa na viroboto wazima, kisha hujifunga ndani ya kifuko wanamoweza kungoja kwa miezi hadi wahisi joto au mtikisiko wa mnyama anayepita. Viroboto wanaoonekana mwilini ni sehemu ndogo tu ya kizazi chote, na hata hao paka hodari wa kujilamba huwameza kabla mwenye nyumba hajawaona. Kwa hiyo utambuzi wa kuaminika ni wa kitana chenye meno ya karibu: chembe nyeusi zinazotoka huwekwa juu ya karatasi nyeupe iliyolowa, na zikiacha doa jekundu basi ni damu iliyosagwa tumboni mwa kiroboto, wala si udongo. Kwa msingi huohuo, desturi ya kutoa magodoro na mikeka nje na kuianika juani ina faida kuliko inavyodhaniwa, maana mabuu hawastahimili ukavu.

DDT, ambayo uwezo wake wa kuua wadudu uligunduliwa na Paul Müller mwaka 1939, iliusukuma unga wa pareto pembeni kwa bei yake nafuu na ukaaji wake wa muda mrefu. Paka waliopakwa walijilamba, wakadhurika. Miaka ya 1960 ilikuja mikanda ya shingoni iliyotoa mvuke wa sumu za jamii ya ogano-fosfeti. Kisha, mwaka 1973, Michael Elliott na wenzake katika kituo cha utafiti cha Rothamsted, Uingereza, walitangaza permethrini, umbo la kutengenezwa la pairethrini lisiloharibiwa upesi na jua. Kwa mkulima wa pamba lilikuwa jambo jema. Kwa mbwa lilizaa dawa ya matone ya kudondosha mgongoni, kali kiasi cha karibu nusu ya ujazo wake kuwa permethrini tupu, na wenye wanyama wakaidondosha pia juu ya paka.

Chanzo cha maafa yaliyofuata ni ini. Wanyama wengi huziunganisha sumu na aina ya asidi itokanayo na sukari ili ziyeyuke na kutoka kwa mkojo, ila paka, ambaye wahenga wake walikula nyama tupu na hawakukumbana sana na sumu za mimea, amepoteza uwezo mkubwa wa kufanya hivyo. Upungufu huohuo ndio unaofanya kidonge cha paracetamoli, kinachomezwa na binadamu bila wasiwasi, kuweza kumuua. Paka aliyepata permethrini ya mbwa hutetemeka misuli, hutokwa na mate na hatimaye hupata degedege, wakati mwingine kwa kulala tu ubavuni mwa mbwa aliyepakwa siku hiyo.

Katika miaka ya 1990 zilipatikana fipronili na imidaklopridi, na mwishoni mwa muongo huo selamektini, ambazo zilitolewa zikiwa na vipimo vya paka vilivyojaribiwa juu ya paka mwenyewe. Selamektini hutibu pia utitiri wa masikio, unaojulikana kwa uchafu mweusi kama unga wa kahawa. Hata hivyo, katika maduka mengi ya dawa za mifugo ya Afrika Mashariki rafu zimejaa kile ambacho karne nzima ya vita dhidi ya kupe wa ng'ombe imekidai: dawa za josho zenye sipermethrini, deltamethrini au amitrazi, ambazo maelezo yake humtaja ng'ombe na mbuzi bila kumtaja paka. Mteja humwagiwa kidogo katika chupa ya soda, akaenda kumwogesha mnyama wake. Ajali ya namna hiyo ikitokea, jambo la kwanza ni kumwosha paka kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo ili mafuta ya dawa yatoke, kumkausha asipate baridi kwa kuwa baridi huzidisha mtetemeko, na kumfikisha kwa daktari wa mifugo mapema, ambaye humpa dawa ya kulegeza misuli na kumtunza kwa siku mbili au tatu hadi ini lake limalize kazi yake ya polepole.